Jumba la Maduka na Barza: Yaliyopita Commercial Road, Portsmouth



Mhariri wetu alinitaka mwaka huu niandike kipande cha historia ya aila zetu katika mji huu. Nilipokaa kitako na kalamu, nikaona walionitangulia wamekwisha kuandika mengi: safari za 1964, baridi ya mwanzo, vyumba vya kupanga vya Southsea, skuli za watoto. Lakini hapana aliyeandika khabari za sokoni. Na sisi, kwa miaka yote hii, siku ya Jumamosi tukionana wapi? Hatukuwa tukionana majumbani, maana nyumba zilikuwa ndogo na kila mtu ana kazi zake. Tukionana madukani, katikati ya mji. Kwa hivyo nimechagua kuandika khabari za Commercial Road na majumba yake mawili ya maduka, moja lililobomolewa na moja lililosimama. Iko sababu nyengine pia, nayo nitaieleza mwisho. Mbele yetu kuna shauri linalohusu fedha za aila zote, na si vyema mtu kutoa rai juu ya jambo asilolijua asili yake.

Kwanza mji wenyewe, kwa faida ya walio mbali. Portsmouth si mji mkubwa wala si kijiji. Hesabu ya 2021 ilikuta watu kiasi cha 208,000. Umekaa juu ya kisiwa, Portsea, na labda ndiyo maana wazee wetu hawakuona tabu kuuzoea, kwani mwenye kuzaliwa kisiwani hupenda kuiona bahari akigeuka. Marehemu Sayyid Jamshid bin Abdullah mwenyewe alikaa Southsea tangu 1964 mpaka aliporuhusiwa kurejea Oman 2020. Maisha ya mji yalitegemea bandari ya manowari na viwanda vyake vya serikali. Mshahara ukitoka kwenye lango la bandari, safari yake ilikuwa fupi mno mpaka Commercial Road.

Usiku wa tarehe 10 Januari 1941, ndege za Kijerumani ziliupiga mji huu kwa mabomu ya moto. Guildhall iliungua ikabaki kuta. Maduka ya Commercial Road, Palmerston Road na King's Road yaliteketea. Vita vilipokwisha, wakubwa wa mji walikuwa na viwanja vitupu na hamu ya kujenga upya. Hapo ndipo rai mpya ya jumba la maduka ilipopata mlango wa kuingilia.

Rai hiyo ina asili yake, nayo inatugusa sisi kuliko tunavyodhani, kwa sababu aliyeipa umbo alikuwa mhamiaji. Jina lake Victor Gruen, mchora majengo, mzaliwa wa Vienna mwaka 1903. Mwaka 1938, Wanazi walipoichukua Austria, yeye kwa kuwa ni Myahudi alikimbia, akaenda Marekani kuanza upya. Huko aliona watu wanaishi mbali mbali, kila mmoja ndani ya gari yake, hapana pahala pa kukutana. Akatamani kuwajengea kitu mfano wa Vienna aliyoiacha, penye mikahawa, viti, miti, na watu kutembea bila ya kuogopa magari. Mwaka 1956 alifungua Southdale, karibu na Minneapolis, jumba la maduka lililoezekwa na kupashwa moto. Mwaka 1962 akajaribu dawa hiyo hiyo katikati ya mji wa kadiri, Rochester katika jimbo la New York, ili kuwarudisha wanunuzi waliokuwa wakihamia pembezoni. Jumba hilo likiitwa Midtown Plaza, na watu walitoka nchi nyingi kuja kulitazama. Lilifungwa 2008 na baadaye likabomolewa. Gruen hakuyaona hayo, maana alikufa 1980, lakini aliona ya kutosha. Mwaka 1978 alisema hadharani, huko London, kwamba majumba yaliyokuwa yakijengwa kwa mfano wa rai yake si watoto wake. Waliomwiga walichukua maduka na magari, wakaacha ile barza aliyoikusudia.

Barza ni neno letu, nalo ndilo litakalotusaidia kuyapima mambo haya. Kule kwetu, barza ya mawe mbele ya nyumba haimlipi mtu kitu. Lakini apitaye husimama, husalimia, huuliza bei ya samaki, na mwenye duka jirani hupata mteja wake hapo hapo. Duka na barza ni pacha, na ukimtenga mmoja na mwenzake, wote wawili hudhoofu.

Sasa turudi Portsmouth. Mwaka 1966 ulimalizika ujenzi wa jumba la Tricorn, karibu na Charlotte Street, nyuma ya Commercial Road. Lilichorwa na kampuni ya Owen Luder, na mchoraji wake khasa akiwa Rodney Gordon. Jina maana yake ni kofia ya pembe tatu, kwa vile kiwanja kilikuwa cha pembe tatu. Lilikuwa zege tupu, lina minara na ngazi za kuzunguka, soko la jumla la matunda na mboga, maduka, nyumba za kuishi, na gorofa za kuegesha magari juu. Wapo waliolifananisha na kasba ya Waarabu. Mama mmoja wa kwetu aliposikia hayo alicheka akasema: “Kasba gani haina mtu mlangoni?”

Neno lake lilikuwa sawa kuliko la wataalamu. Tricorn ilisifiwa na ilipewa tuzo, na papo hapo ilitajwa miongoni mwa majengo mabaya kuliko yote Uingereza. Lakini ubaya wa sura peke yake hauuwi soko. Soko la Darajani likipendwa kwa sura yake? Tricorn iliuliwa na mambo mengine. Lilitarajiwa duka kubwa la kila kitu lije likae ndani ili livute watu, na duka hilo halikuja. Jumba lenyewe lilijificha nyuma ya njia kuu, na mwenye kupita Commercial Road hakuwa na sababu ya kukata kona. Nyumba za kuishi zilivuja, na kabla ya miaka ya 1980 zilikuwa zimekwisha hamwa. Watu walipopungua woga uliongezeka, na woga ulipoongezeka watu walizidi kupungua.

Mimi nilifika mji huu mwaka 1986, nikitokea Unguja kupitia Maskati, mwalimu kijana mwenye masanduku mawili. Tricorn nilikuta bado limesimama, jeusi kwa mvua. Shangazi aliyenipokea aliniambia nipite mbele yake mchana tu. Siku za Jumamosi akinichukua kwa wachuuzi wa matunda, na hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza ambacho skuli haikunifundisha. Hapo pia ndipo nilipowajua watu wa kwetu mmoja mmoja: huyu wa Malindi, yule wa Wete, na huyu baba yake alisoma chuo kimoja na babu yangu. Mtu akitoka kununua ndizi, akirudi na khabari za harusi mbili na tanga moja.

Mwaka 1989 lilifunguliwa jumba la Cascades, nalo limeshikana na Commercial Road yenyewe. Hapa wajenzi walikuwa wamejifunza. Pana mwangaza, pana joto, na mlango unaitazama njia ya watu. Kwetu sisi, watu wa jua, joto lile la bure katika mwezi wa Januari lilikuwa neema. Akina mama walikutana humo na vigari vya watoto, na wazee walikaa wakanywa kahawa moja kwa saa mbili. Wanafunzi wangu wa chuo cha Jumamosi, walipofika miaka 16, walipata kazi zao za mwanzo katika maduka ya hapo mjini, wakajua maana ya kuamka mapema na kupokea mshahara. Wengi wao leo ni wahasibu na wauguzi, na duka moja ndilo lililowapa barua ya kwanza ya sifa.

Kwa nini basi mambo yaliharibika? Vijana husema kwa mkato kuwa ni mtandao. Mtandao umo, lakini ulikuja wa mwisho, ukamkuta mgonjwa yuko kitandani.

La kwanza ni kazi. Serikali ilitangaza mwaka 1981 kupunguza bandari za manowari, na kufika 1984 viwanda vya Portsmouth viliteremshwa daraja, maelfu ya ajira zikapotea. Kazi ya kuunda meli ilikwisha kabisa 2014. Mshahara ule wa langoni ulipopungua, Commercial Road ndiyo iliyohisi mwanzo.

La pili ni ushindani wa karibu. Mwezi wa Septemba 2000 Southampton, mji jirani usiofika mwendo wa saa moja, ulifungua WestQuay, jumba kubwa kuliko chochote tulichokuwa nacho. Februari 2001, hapa hapa Portsmouth, ilifunguliwa Gunwharf Quays, kwenye ufuko uliokuwa wa jeshi la wanamaji, maduka ya nguo za majina makubwa kwa bei ya chini, na bahari mbele. Ni pahala pazuri, nami hupeleka wageni wangu huko. Lakini watu wa mji mmoja wana mfuko mmoja. Pauni iliyoliwa ufukweni haiwezi kuliwa tena Commercial Road. Mji mkubwa huweza kulisha vituo vitatu vya biashara. Mji wa watu laki mbili hulazimika kuchagua, na ukikataa kuchagua, wateja huuchagulia.

La tatu ni hesabu ya jumba lenyewe, na hapa naomba wanangu mnisikilize kama mlivyokuwa mkinisikiliza darasani. Jumba la maduka halimo katika biashara ya kuuza nguo. Limo katika biashara ya kupangisha. Mwenye jengo humwita mpangaji mmoja mkubwa, humpa nafasi kwa kodi nafuu, kwa sababu yeye ndiye anayevuta watu. Kisha wapangaji wadogo hulipa kodi nzito ili wapate baraka ya wapitao njia. Mikataba ya zamani ilikuwa ya miaka mingi, na kila miaka mitano kodi hupitiwa, nayo mara nyingi iliandikwa kuwa huweza kupanda tu, haishuki. Juu yake iko kodi ya serikali juu ya majengo ya biashara, inayohesabiwa kwa thamani ya kupangisha, na kwa muda mrefu ilikuwa karibu na nusu pauni kwa kila pauni. Tufanye mfano: duka limekadiriwa pauni 40,000 kwa mwaka. Mpangaji ameshadaiwa karibu 20,000 nyengine kabla hajauza hata soksi. Na makadirio hayo hayafuati hali ya soko mara moja. Makadirio ya 2010, yaliyosimama juu ya bei za 2008, yalibakia mpaka 2017. Mwenye duka alilipa kodi ya siku za neema katika siku za dhiki.

Sasa ondoa yule mpangaji mkubwa. Allders, iliyolirithi duka kongwe la Landport Drapery Bazaar, ilianguka 2005. Woolworths ilifunga maduka yake yote nchini, zaidi ya 800, mwanzoni mwa 2009. BHS ilifuata 2016. Southsea nako, Knight & Lee la Palmerston Road lilifungwa 2019. Debenhams, iliyokuwa na duka Commercial Road na jengine Southsea, ilikuwa imekwisha kila pahala kufika Mei 2021. Nguzo ya kati ya nyumba ikiondoka, paa halianguki siku hiyo hiyo. Huanza kupinda, na mwenye macho huondoka mapema. Ndivyo walivyofanya wapangaji wadogo.

Hapo tena ndipo mtandao ulipoingia. Kabla ya maradhi ya 2020, katika kila pauni 100 za madukani Uingereza, kiasi cha pauni 20 zilipita mtandaoni. Januari 2021, milango ikiwa imefungwa, zilifika karibu 37. Milango ilipofunguliwa zilishuka, lakini hazikurudi zilikotoka, zikabaki zaidi ya robo. Kwa duka lililokuwa likipata faida ya senti chache katika pauni, hiyo ndiyo tofauti ya kufungua na kufunga.

Na Tricorn? Lilifungwa 2002, na Machi 2004 mashine zikaanza kulivunja. Nilikwenda kutazama pamoja na watoto wa darasa langu. Watu walishangilia. Iliahidiwa kuwa pale patajengwa mtaa mpya wa maduka wenye duka kubwa la kuvuta watu. Michoro ilitolewa, makampuni yakaja, msukosuko wa fedha wa 2008 ukapita, makampuni yakaondoka. Miaka ilipita ishirini, na kiwanja kile kilikuwa bado ni pa kuegesha magari. Walioshangilia 2004 walidhani jengo bovu ndilo lililokuwa likizuia kheri. Kumbe jengo lilikuwa alama tu ya ugonjwa.

Msidhani ni sisi peke yetu. Nottingham walikuwa wamo katikati ya kulijenga upya jumba la Broadmarsh, la 1975, mara kampuni yake, intu, ikaanguka Juni 2020, jengo likiwa nusu limebomolewa. Baada ya hapo sehemu ya kiwanja iligeuzwa bustani, ikafunguliwa 2024. Stockton-on-Tees, mji mdogo kuliko wetu, baraza la mji lilinunua jumba la Castlegate 2019, likalibomoa ili pawe bustani inayoufikia mto. Wao walikiri jambo ambalo wengi wanaona haya kulikiri, kwamba maduka yalikuwa mengi kuliko wanunuzi, na kwamba mtu hufika mjini kwa sababu zaidi ya moja.

Nina kisa kimoja cha kuongeza. Miaka michache nyuma nilimtembelea kaka yangu katika mji mwengine wa nchi hii, ambao sitoutaja. Wazee watatu wa kwetu walikuwa wamekaa kwenye benchi la jumba la maduka, bakora magotini, wanazungumza. Mlinzi akaja, kwa adabu, akawaambia wamekaa muda mrefu na kama hawanunui wawapishe wengine. Benchi zilizobaki zilikuwa tupu. Wazee waliinuka bila ya neno, na kaka yangu anasema hawakurudi tena, wala wake zao waliokuwa wakija nao na kununua. Leo jumba lile limefungwa nusu. Simlaumu mlinzi, aliamrishwa. Lakini aliyeamrisha hakuijua kazi ya barza.

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe. Vijana wetu wameleta rai kwamba aila zichange, tupange duka moja tupu katikati ya mji, pawe na darasa la Kiswahili na Kurani kwa watoto, chai na mandazi, rafu za vitabu, na pahala pa wazee kukaa mchana. Wengine wamepinga, wakisema mjini kumekufa. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilikuwa pamoja na wapingaji. Nimebadilika, na khabari za jengo moja mnalolijua ndizo zilizonibadilisha. Msikiti wetu wa Jami hapa Portsmouth ulianza kama jumba la sinema katika miaka ya 1920. Sinema ikafa, likawa ukumbi wa bingo. Bingo ikafa. Leo linajaa siku ya Ijumaa mpaka viatu havina pa kuwekwa. Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni kuwa wapo watu wenye haja ya kufika hapo kila siku, jua au mvua.

Kwa hivyo rai yangu ni tupange, lakini tupange kama watu waliosoma historia hii. Tusikubali mkataba wa miaka mingi. Uwe mfupi, wenye ruhusa ya kuondoka. Tuulize kodi ya serikali ya duka hilo ni kiasi gani, na nafuu ipi wanapewa wenye kazi ya kheri. Tuulize gharama ya pamoja ya ulinzi, taa na usafi, kwani humo ndimo fedha zinamopotea kimya kimya. Mtu mmoja asitie sahihi kwa dhamana ya nyumba yake. Tusizike akiba kwenye mapambo ya ukuta wa watu. Tununue viti, meza na rafu, vitu vinavyobebeka. Na kabla ya yote tuhesabu kwa ukweli: ni aila ngapi zitakazofika siku ya Jumanne ya mvua, si siku ya Iddi tu?

Suala hilo la mwisho hawezi kulijibu mwenye jengo wala baraza la mji. Majibu yake tunayo sisi. Karatasi ya kuandikisha majina, na siku ambazo kila aila itashika zamu, nimeiacha kwa mhariri. Siku yangu nimekwisha iandika. Ni Jumanne.